MJUMBE WA USIKU: Jinsi ya Kuiamrisha Kompyuta Iliyo Mbali Pasipo Mtu



Mhariri ameniomba niandike habari ya kazi tuliyoifanya mwaka huu katika chama chetu cha kompyuta. Nimekubali kwa furaha, maana najua wako wadogo zangu wa vidato vya chini watakaoachiwa kazi hiyo, na wako ndugu zetu wakubwa waliotutangulia, walio katika maofisi na mashule mbalimbali, ambao yamkini wana taabu ile ile tuliyokuwa nayo sisi. Kiswahili si lugha ya mama yangu. Basi mkiona nimejikwaa, nisameheni.

Katika shule yetu ziko kompyuta mbili zihusuzo habari hii. Ya kwanza ni ya karani, nayo hutumia Windows. Ya pili imo katika kabati nyuma ya ofisi. Haina skrini wala kibodi, nayo hutumia Linux. Hiyo ya pili ndiyo itunzayo orodha ya vitabu vya maktaba na alama za mitihani yetu sote. Zote mbili hupata umeme kwa njia ya sanduku moja la betri, liitwalo UPS. Umeme ukikatika, sanduku hilo huzishikilia kwa dakika ishirini hivi, kisha nalo huishiwa nguvu.

Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili ilinyesha mvua kubwa ya radi, na umeme ukakatika saa nane. Kompyuta ya karani ilijizima yenyewe kwa taratibu, kwa sababu imeungwa na sanduku kwa waya, na programu yake huiambia, "Betri inakwisha, jifunge." Lakini ile ya Linux haikuambiwa na mtu. Ilikuwa ingali ikiandika mambo yake betri zilipokwisha, ikaanguka kama mtu aliyepigwa rungu. Asubuhi tuliikuta imeharibika faili kadhaa, na mojawapo ilikuwa ile ya alama za kidato cha nne za muhula mzima. Nakala ya akiba ilikuwa ya majuma matatu nyuma.

Waalimu walikaa siku tatu wakiandika upya alama kutoka katika karatasi. Lakini karatasi nyingine zilikuwa zimekwisha rudishwa kwa wenyewe. Mwenzetu mmoja alikuwa amepata alama nzuri ya fizikia, ya kwanza katika maisha yake, naye alikuwa ameifungia karatasi ile chapati. Ilimbidi kufanya jaribio lile mara ya pili, na mara hii hakupata alama ile. Tangu siku hiyo nilikata shauri kwamba jambo hili lisitokee tena, kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa nimepewa ulinzi wa mashine ile.

Mtu ataniuliza, "Mbona usiuhamishe tu ule waya uende kwenye Linux?" Nilifikiri hivyo. Lakini sanduku letu lina tundu moja tu la waya, na programu iliyokuja nalo ni ya Windows peke yake. Programu hiyo ina fadhila moja: betri zikikaribia kwisha, yaweza kuendesha faili ya amri tuliyoiandika sisi wenyewe. Basi kazi ikawa hii: Windows, kabla haijajifunga, itume amri kwa Linux, "Nawe jifunge." Kazi hiyo ifanyike saa yoyote, hata usiku wa manane, wakati karani yuko kwake na mimi niko bwenini nimelala.

*Kosa langu la kwanza*

Programu iitwayo SSH ndiyo itumiwayo kuingia katika kompyuta ya Linux kutoka mbali. Ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtaalamu wa Finland aliyekuwa katika chuo kikuu cha ufundi cha Helsinki. Kabla ya hapo watu walitumia njia kama Telnet, ambayo hupitisha maneno ya siri wazi wazi katika waya, kama barua isiyo na bahasha. Wezi waliyanasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo kile, naye akaona hapana budi kutengeneza njia iliyofungwa. (Linux nayo asili yake ni mji wa Helsinki, ambako Linus Torvalds aliianza mwaka 1991.) Mwaka 1999 ilitolewa OpenSSH, iliyo huru kwa watu wote, nayo ndiyo itumikayo sana leo. Tangu mwaka 2018 Windows 10 huja nayo tayari. Wenye Windows za zamani hutumia PuTTY, ya Mwingereza Simon Tatham, pamoja na ndugu yake mdogo aitwaye plink.

Mimi nilianza na plink, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Nayo plink hukubali uandike neno la siri ndani ya amri yenyewe, baada ya alama -pw. Nikaliandika pale neno la siri la msimamizi, lenye uwezo wote juu ya mashine. Nikajaribu, Linux ikazimika. Nikaona nimekuwa fundi.

Baada ya siku nne alinijia kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye humsaidia karani kupanga barua siku za Jumamosi.

"Kaka," aliniambia kwa sauti ndogo, "samahani sana. Nimeliona neno lako la siri."

"Umelionaje?"

"Limeandikwa katika faili, pale ofisini. Nililijaribu jana. Likaniingiza mpaka kwenye alama."

"Ukafanya nini huko?"

"Nikaitazama alama yangu ya hesabu, nikatoka. Sikugusa kitu, kaka. Lakini sikupata usingizi."

Nilimshukuru, kisha nikaenda mwenyewe kwa Mwalimu Mkuu kumweleza, maana niliona kosa la mtoto ni dogo kuliko langu. Mwalimu Mkuu hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mtu ukimtuma kufunga dirisha la ofisi, je, wampa na ufunguo wa sanduku la fedha?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha somo zima ninalowaandikieni hapa. Mjumbe asiye na mtu wa kumsimamia apewe ufunguo wa mlango mmoja tu. Tena, kwa kuwa hatakuwapo mtu wa kujibu, maswali yote atakayoulizwa njiani yajibiwe kabla hajaondoka.

*Maswali manne ya njiani*

Nilichukua karatasi nikaandika kila jambo ambalo kompyuta humwuliza mtu akiingia kwa mkono. Nilipata maswali manne.

Swali la kwanza ni hili: Je, waijua mashine unayoiendea? Unapoingia mara ya kwanza kwa SSH, huonyeshwa alama ya kuitambua mashine ile, ukaulizwa kama waikubali. Ukijibu ndiyo, alama hiyo huandikwa katika faili, na siku nyingine huulizwi. Ikiwa baadaye alama imebadilika, SSH hukataa kuendelea, maana yawezekana mwingine amejifanya kuwa mashine yako. Watu wengine huuzima ulinzi huu ili wasisumbuliwe. Msifanye hivyo. Ingieni mara moja kwa mkono, hakikisheni alama ni ile ya mashine yenyewe, kisha faili hiyo itunzwe.

Swali la pili: Wewe u nani? Hapa ndipo neno la siri huachwa, na badala yake hutumiwa ufunguo. Katika Windows niliandika amri hii:

ssh-keygen -t ed25519 -f C:/kazi/ufunguo

Amri hii hufanya faili mbili. Moja, iitwayo ufunguo, ni siri, nayo hukaa pale pale Windows. Ya pili, ufunguo.pub, si siri. Mfano wake ni kufuli, nayo hupelekwa Linux. Kufuli waweza kulionyesha kwa watu wote, wala hawataweza kulifungua. Wakati wa kuutengeneza ufunguo utaulizwa kama wataka kuufungia kwa neno lake la siri. Kwa kazi ya mtu, yafaa sana kuufungia. Kwa kazi isiyo na mtu haiwezekani, kwa kuwa hapana wa kuliandika neno hilo usiku. Tuliacha pakiwa patupu. Kwa sababu hiyo mtu akiiba faili ile amekwisha pata ufunguo mzima; ndiyo maana ufunguo wenyewe haufai kuwa na nguvu nyingi.

Katika Linux niliunda mtumishi mpya, nikamwita mlinzi. Hana kazi nyingine duniani ila hii. Katika faili yake ya .ssh/authorized_keys niliweka lile kufuli, lakini mbele yake nikaandika sharti:

restrict,command="sudo /usr/local/sbin/funga" ssh-ed25519 AAAA...

(Zile herufi za AAAA ni mwanzo wa kufuli lenyewe, ambalo ni refu.) Neno restrict huondoa ruhusa nyinginezo zote. Neno command husema kwamba ajaye na ufunguo huu, hata akiomba amri gani, atafanyiwa ile moja tu. Nilimwita yule kijana wa kidato cha pili, nikampa ufunguo, nikamwambia, "Haya, jaribu kuziona alama." Akaandika amri ya kusoma faili, na kompyuta ikajifunga mbele ya macho yake. Tulicheka sana.

Swali la tatu: Je, unayo ruhusa? Kuizima kompyuta ni kazi ya msimamizi, na Linux humtaka mtumishi wa kawaida aandike neno la siri anapotumia sudo. Basi kwa amri ya visudo niliongeza mstari huu:

mlinzi ALL=(root) NOPASSWD: /usr/local/sbin/funga

Maana yake, mlinzi aweza kuiendesha faili ya funga bila kuulizwa, na faili hiyo peke yake. Faili ya funga iwe mali ya root, na mlinzi asiweze kuibadili. Kama sivyo, ataandika humo atakalo, na kazi yetu yote itakuwa bure. Ndani yake mna mistari mitatu:

#!/bin/sh
logger "Betri zinakwisha, najifunga"
shutdown -h +1

Hapa nina maneno mawili. Kwanza, mwanzoni niliiandika faili hii kwa Notepad ya Windows, nikaihamisha, ikakataa kabisa kuendeshwa. Sababu yake ni kwamba Windows huweka alama mbili mwishoni mwa kila mstari, lakini Linux yataka moja, na ile ya ziada huihesabu kuwa sehemu ya jina. Programu ya dos2unix huiondoa mara moja. Pili, zamani nilikuwa nimeandika now badala ya +1. Linux ilikuwa ikijifunga upesi hata kukata maongezi kabla ya kutoa jibu, na Windows ikadhani mambo yameharibika. Kwa +1 hungoja dakika moja, nayo hupata nafasi ya kujibu, "Nimesikia."

Swali la nne ni letu sisi kumwuliza mjumbe: Umefika? SSH ikimaliza kazi huacha namba. Ikiwa ni 0, amri imefanyika vema. Ikiwa ni 255, SSH yenyewe imeshindwa, labda hakufika au amekataliwa mlangoni. Namba nyingine hutoka katika ile amri ya huko mbali. Namba hii lazima iandikwe mahali, kwa kuwa hapana mtu wa kuitazama wakati ule.

*Faili yenyewe*

Baada ya kuyajibu maswali yote, niliandika katika Windows faili iitwayo zima.bat. Ina mistari miwili tu. Wa kwanza ni mrefu, nao uandikwe bila kukatwa:

C:\Windows\System32\OpenSSH\ssh.exe -i C:/kazi/ufunguo -o BatchMode=yes -o ConnectTimeout=10 -o UserKnownHostsFile=C:/kazi/mashine mlinzi@192.168.1.10 funga >> C:\kazi\taarifa.txt 2>&1

echo %DATE% %TIME% %ERRORLEVEL% >> C:\kazi\taarifa.txt

Neno kubwa humu ni BatchMode=yes. Ndilo limwambialo SSH, "Hapana mtu hapa, usiulize neno lolote. Ukikosa jibu, shindwa, urudi." Pasipo neno hili, SSH ikikwama itauliza swali na kungoja, na itangoja mpaka betri zikwishe. Wenye plink waandike -batch. Maana ni ile ile. ConnectTimeout=10 husema isingoje mlango kwa zaidi ya sekunde kumi. UserKnownHostsFile huonyesha ilipo faili ya alama ya mashine, na neno funga la mwishoni ni la heshima tu, kwa kuwa Linux imekwisha jua la kufanya. Mistari huishia katika taarifa.txt, ambamo huandikwa maneno yote ya SSH, kisha siku, saa na ile namba.

Niliiendesha kwa mkono. Namba ikawa 0, Linux ikajifunga. Nilimwomba Bruda anayetunza umeme aukate, ili tujaribu kwa kweli. Tuliketi ofisini, mimi, Bruda na karani, tukitazama taa ya sanduku. Programu iliamka, ikaendesha faili, nayo namba ikawa 255. Linux ikaendelea kuwaka kana kwamba haikusikia kitu. Bruda aliurudisha umeme upesi.

Niliisoma taarifa mara nyingi kabla ya kufahamu. Nilipoendesha kwa mkono, aliyekuwa akituma amri ni mimi. Lakini programu ya sanduku haiendeshwi kwa jina langu. Huendeshwa na mtumishi wa ndani wa Windows aitwaye SYSTEM. Yeye hakuwa na ruhusa ya kuusoma ufunguo wangu. Tena OpenSSH ya Windows ina ukali wake: mwenye faili ya ufunguo akiwa mwingine asiyetarajiwa, au watu wengine wakiweza kuisoma, huukataa ufunguo kabisa. Basi niliifanya faili kuwa mali ya kundi la Administrators, na wasomaji wake wakawa SYSTEM na Administrators tu. Hivyo hata kijana apangaye barua hawezi tena kuusoma. Kwa sababu hiyo hiyo niliitaja wazi faili ya alama ya mashine, maana SYSTEM angeitafuta nyumbani kwake, asiione.

Wadogo zangu, likumbukeni jambo hili kuliko yote: amri iliyofaulu mkononi mwako haijafaulu bado. Ijaribuni kwa jina lile lile litakaloiendesha, na kwa sababu ile ile itakayoiamsha. Tuliukata umeme mara ya pili, na namba ikawa 0.

*Usiku wa Septemba*

Mnamo mwezi wa Septemba mvua ilirudi. Nilikuwa bwenini, nikasikia radi, nikaona taa za uwanjani zimezimika. Sikuwa na ufunguo wa ofisi, wala ruhusa ya kutoka. Nililala nikihesabu dakika, nikijua kwamba alama za kidato cha nne ziko katika kabati lile, safari hii zikiwa karibu na mtihani wao wa mwisho.

Asubuhi nilifika ofisini kabla ya karani. Umeme ulikuwa umerudi. Niliifungua taarifa, nikakuta mstari mmoja mpya wenye siku, saa tisa kasoro dakika chache za usiku, na 0 mwishoni. Tuliiwasha Linux, ikaamka bila malalamiko, na katika daftari yake tulikuta maneno haya: "Betri zinakwisha, najifunga." Hapana alama hata moja iliyopotea. Yule mwenzetu wa fizikia hakujua kama kulikuwa na hatari yoyote, nami sikumwambia.

Ndugu zetu mlio kazini, njia hii haifai kwa kuzima tu. Kwa njia hii Windows yaweza kuiamrisha Linux kila usiku ifanye nakala ya akiba, au itaje nafasi iliyobaki katika diski, au iwashe upya programu iliyokwama. Kwa kazi za saa maalumu, tumieni Task Scheduler iliyomo katika Windows. Lakini kila kazi ipewe ufunguo wake na sharti lake. Msiufanye ufunguo mmoja uwe wa kazi kumi, kwa kuwa siku mtakapoupoteza mtakuwa mmepoteza milango kumi.

Mwezi wa Desemba, mitihani ikiisha, mimi nitaondoka. Kazi ya mashine nimemkabidhi yule kijana wa kidato cha pili. Wengine waliniuliza kwa nini nimchague yeye aliyeliiba neno la siri. Niliwajibu kwamba ndiye peke yake katika shule nzima aliyeuona mlango uko wazi akaja kusema. Nimempa ufunguo wa mlango mmoja. Mingine atapewa na Mwalimu Mkuu kadiri atakavyoona.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita